Mheshimiwa Hasikii Maneno

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na mbwa mtasema namsingizia. Mimi ni fundi cherehani, na katika jengo letu watu wananiita Redio. Wala sikukasirika walipoanza. Mdomo wangu hauna breki, najua, na sijawahi kumtafuta fundi wa kuzifunga. Nashona naongea, napika naongea, na mume wangu anaapa kwamba kuna siku nilimpima mtu kiuno usingizini, tena kwa sauti, na nikamwambia apunguze kula.

Mume wangu ni kinyozi. Ila ni kinyozi wa ajabu, haongei. Wateja wanakwenda kwake kupumzika, wengine wanasinzia kitini hadi anyoe upande mmoja asubiri waamke ageuze kichwa. Basi ndivyo tulivyogawana: yeye masikio, mimi mdomo, na nyumba inakwenda.

Baada ya baba mkwe kufariki, mama mkwe alibaki peke yake katika nyumba yao kubwa yenye ua. Tukambembeleza aje akae nasi. Akakataa. Tukambembeleza tena, akakataa tena, na kila nilipompigia simu nilimsihi hadi betri ikaisha. Siku moja akasema tu, "Haya, nakuja." Akaja na mkoba mmoja na mbwa.

Najua hadithi za mama mkwe na mke wa mwana, nimezisikia nyingi, na nyingine nimezisambaza mwenyewe. Yangu si hiyo. Mimi mama yangu mzazi sikumfaidi, alinitoka nikiwa mdogo, na huyu mama Mungu alinipa ukubwani. Nampenda, nasema bila kutafuna maneno. Na anajua kucheka! Ukimsimulia jambo anashika ukuta kwanza, ndipo anacheka, kwa sababu akicheka bila kushika kitu anaanguka.

Mbwa aliitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na marehemu, ati kwa sababu anakula vizuri, analala wenzake wanapofanya kazi, na ukimuuliza jambo anatazama pembeni. Ni mbwa wa rangi ya udongo, mkubwa kuliko alivyotakiwa kuwa kwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe ndiyo karakana yangu. Maisha yake yote alikuwa mbwa wa uani. Kapeti hakuijua. Kochi hakulijua. Alipolijua, ndugu zangu, alilipenda.

Siku ya kwanza akakojoa kwenye mguu wa meza yangu ya kukatia. Siku ya pili akala kola ya shati la mteja, kola tu, shati akaniachia. Mtu akipita nje mlangoni anabweka kama kaona jambazi, na mteja akiingia anamrukia kifuani na kumlamba shingo. Mteja wangu mmoja, mwalimu mtu mzima mwenye heshima zake, alipimwa mabega akiwa amesimama juu ya kiti. Na Mheshimiwa akiona unakula, anaweka kidevu pajani mwako na kukutazama hadi tonge likukwame kooni.

Yote hayo tungeyavumilia. Kilichotuponza ni ngazi.

Mwenye nyumba wetu anakaa chini yetu, na sisi wapangaji tunamwita Mama Ngazi. Hakuna mtu duniani anayependa ngazi kama yule mama. Anazifagia, anazipiga deki, anazipaka nta, na ukishuka na viatu vyenye vumbi anakusindikiza kwa macho hadi barabarani. Sasa Mheshimiwa, asubuhi moja, alibanwa. Akatoka mbio, akafika katikati ya ngazi, akaona pale panatosha. Tena haikuwa haja ndogo.

Mama Ngazi akapanda na ufagio mkononi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Redio," akasema, "mimi na wewe tumekaa vizuri miaka mingi."

"Tumekaa, Mama. Na nakuomba radhi, na ngazi nitazisafisha sasa hivi, na nta nitapaka mwenyewe, na huyu mbwa ni mgeni tu, hajazoea, unajua kwao kulikuwa na ua, sasa huyu..."

"Nyamaza kidogo mwanangu, nimalize. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Nitapanda mwenyewe, nitakaa pale kwenye kochi, ninywe chai. Akinirukia, akinibwekea, akinitia kidevu mapajani, anaondoka. Sitaki mjadala."

Nikajibu, "Sawa, Mama." Ningejibu nini? Nyumba ni yake.

Kugeuka, mama mkwe amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amesikia yote.

"Wala msigombane na watu kwa ajili yangu," akasema taratibu. "Ila huyu ni mbwa wa marehemu. Akiondoka, na mimi naondoka naye. Nitarudi kwangu."

Nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo. Nililia, na kama kuna mtu angeniuliza, vitunguu vilikuwa pale.

Jioni mume wangu akarudi na habari. Ana mteja ambaye ni mlinzi kwenye maghala, anafanya kazi na mbwa. Alimuuliza mbwa anafundishwaje. Nami nikamuuliza huyo mlinzi amesema nini, nikakaa sawasawa, nikijua nitapewa maelezo. Mume wangu akavua viatu. Akanawa. Akasema: "Neno moja. Akitii, mpe kitu papo hapo. Asipotii, usimpige."

"Basi?"

"Basi."

Nikasema neno moja, rahisi hiyo! Kesho yake nikachemsha maini, nikayakata vipande vidogovidogo, nikamwita Mheshimiwa katikati ya sebule na kuanza darasa.

"Mheshimiwa, kaa. Kaa chini. Hebu kaa basi, mbona unanitazama? Nimesema kaa, kukaa nako ni kazi? Wenzako wote duniani wanakaa, wewe una magoti ya dhahabu? Kaa, baba, kaa uone, nina maini hapa, maini mazuri, ya leo, si ya jana, nimeyanunua mwenyewe asubuhi kwa yule bwana mwenye duka la kona, kaa basi jamani, kaa!"

Akanitazama. Akatazama maini. Akapiga miayo, akapanda kwenye kochi.

Tukaendelea hivyo siku nyingi. Nikamwita sikio la kufa. Nikamwambia samaki mkunje angali mbichi, na yeye ameshakauka. Nikamwambia mengi, hata mambo ya marehemu na ya jirani wa juu, maana ukishaanza kuongea na mtu unafika mbali.

Mume wangu naye alikuwa na darasa lake la kimyakimya. Yeye alijichagulia somo la kochi. Akimkuta Mheshimiwa juu ya kochi, anasema, "Shuka," mbwa anashuka, anapewa ini. Anasema, mbwa anashuka, anapewa. Mume wangu akavimba kichwa. Ila nikaona mbwa siku hizi anapanda kochi mara nyingi kuliko zamani. Anapanda, anageuza shingo kumtafuta mume wangu, anamsubiri aseme. Akichelewa kusema anabweka kumkumbusha.

"Mume wangu," nikamwambia, "hujamfundisha kushuka. Umemwajiri kupanda!"

Mama mkwe alikuwa karibu na kabati. Akalishika.

Yeye ndiye peke yake aliyekuwa anafanikiwa. Mbwa akimaliza kula, anamfunga kamba na kushuka naye hadi kwenye kona ya nyuma ya jengo, ileile kila siku. Akiamka, hivyohivyo. Akimaliza haja zake pale anamkuna shingo na kumpa kipande. Ngazi zikapona. Lakini kujisaidia nje si kunywa chai na Mama Ngazi, na siku zilikuwa zinakwenda. Nilianza kuona mama anakunja nguo zake vizuri mno kila asubuhi, kama mtu anayejiandaa. Maji yakanifika shingoni.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nashona gauni la mteja aliyekuwa na umbo kama la mama mkwe, basi nikamwomba mama alivae nipange pindo. Akasimama juu ya kigoda. Mimi nikapiga magoti na kujaza pini mdomoni, maana ndivyo nifanyavyo kazi: pini zinakaa midomoni, nachomoa moja moja. Na ndio wakati pekee wa mchana ninapokuwa kimya. Wateja wangu wanasema pindo ndiyo sehemu wanayoipenda.

Mheshimiwa akaja. Akaliona pindo linaning'inia, kitambaa laini cha kuteleza, akainamisha kichwa na kutanguliza mdomo. Nikaona kola ile ya shati mbele ya macho yangu. Nikataka kupiga ukelele, pini zikanichoma ulimi. Sikuwa na la kufanya. Nikanyoosha mkono, kiganja wazi, mbele ya pua yake.

Akasimama.

Nikabaki na kiganja hewani. Yeye akakitazama, akanitazama usoni, akarudi nyuma hatua moja. Akakaa! Matako chini, kifua mbele, masikio juu, mwanafunzi kamili.

Nikatema pini. "Lo! Mama umeona? Umemwona Mheshimiwa? Amekaa! Haya baba, kaa tena, kaa hivyohivyo, usiondoke..."

Akainuka, akaenda kulala kwenye kochi.

Mama mkwe alisahau kuwa yuko juu ya kigoda na hana ukuta. Akacheka, akanishika kichwa, pini za pindo zikamchoma mguu, akalia "Ai!" na kuendelea kucheka. Alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, mbwa huyu si mkaidi. Unampa gunia zima, na yeye anatafuta punje moja. Rudisha pini mdomoni."

Nikarudisha. Kiganja: akasimama. Kidole kuelekea chini: akafikiri kidogo, akakaa. Nikampa ini. Nikarudia, akakaa haraka zaidi. Mume wangu alipoingia kutoka kazini alinikuta nimefunga mdomo na mbwa amekaa mbele yangu, na sijui kipi kilimshangaza zaidi. Nikamwonyesha. Akatazama, na kesho yake akarudi na pakiti nyingine ya pini. Mume gani huyu!

Toka siku hiyo nikafanya kazi kwa mikono. Kiganja ni simama. Kidole chini ni kaa. Nikinyoosha mkono kwenye mkeka wake karibu na dirisha, maana yake nenda kalale pale, na mwanzoni nilikuwa natupa kipande cha ini kwenye mkeka ili ajue faida iko wapi. Mteja akigonga, mkeka kwanza, ndipo mlango unafunguliwa. Tukila, mkeka. Kochi tukalifuta kabisa, hakuna kupanda wala kulipwa kushuka. Na wakati wote huo mimi kimya, ulimi umefungwa, maneno yamenijaa hadi kwenye masikio. Hamjui kazi niliyofanya. Kufundisha mbwa si kitu. Aliyekuwa anafundishwa hasa mnamjua.

Mama Ngazi hakungoja mwisho wa mwezi. Alipanda siku chache kabla, alasiri, bila taarifa, na sketi mkononi. Nikasikia hodi, nikanyoosha mkono, Mheshimiwa akaenda mkekani. Nikafungua mlango. Sikuwa na pini hata moja mdomoni, ila sikuthubutu kutoa neno zaidi ya "Karibu."

Akakaa kwenye kochi. Akamtazama mbwa. Mbwa akamtazama yeye. Mama mkwe akaleta chai, na vikombe vikagongana njia nzima, vikaongea kwa niaba yetu.

"Hii zipu uliyoniwekea," Mama Ngazi akasema, akaifungua sketi mapajani, "imekatika. Ulitumia zipu gani, ya mfuko wa rambo?"

Ebo! Zipu niliiweka nzima. Yeye ndiye aliyeongezeka. Nilikuwa na majibu, tena si jibu moja, yalipanga foleni kooni. Lakini mkia wa Mheshimiwa ulikuwa umeanza kupiga mkeka, na nilijua nikifungua mdomo mambo yote yanamwagika. Nikachukua sketi. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Mama Ngazi akashtuka. "Unaumwa?"

"Ana jino," mama mkwe akasema haraka.

"Aa, pole!" Basi akaanza: karafuu, maji ya chumvi, daktari fulani asiye na mkono mzito, dada yake aliyeng'olewa jino zima likabaki bovu. Aliongea yule mama! Kumbe wako wengine. Alipokuwa anaonyesha jinsi dada yake alivyovimba, biskuti ikamtoka mkononi ikaanguka kapetini, katikati kabisa, kati yake na mbwa.

Mheshimiwa akainua kichwa. Mama mkwe akafumba macho. Nikageuza kiganja, hapa hapa gotini, kidogo tu.

Mbwa akaitazama biskuti, akanitazama, akatoa pumzi ndefu puani. Akalaza kichwa.

Mama Ngazi akaiokota biskuti mwenyewe. Akanywa chai hadi mwisho. Mlangoni akasema, "Abaki. Nimekutana na wapangaji wenye adabu pungufu kuliko huyu." Halafu akanigusa bega. "Na wewe, jino likipona usiharakishe kuongea. Jengo limetulia sana siku hizi."

Nilitaka kupiga vigelegele na nikajizuia. Nikajiapiza moyoni: kama kimya ndicho kinachombakisha mama, basi nitakaa kimya hadi kufa. Kwani naweza kujua? Leo naongea, kesho mbwa anasahau kila kitu, anashuka ngazini, mama anafunga mkoba. Nikasema thubutu. Nikanyamaza kweli. Nilipika kimya, nikashona kimya, tukala kimya watu wazima watatu na mbwa mkekani. Mume wangu siku moja aliniuliza, "Vipi?" na kwake yeye hiyo ni hotuba. Nikamwonyesha kidole gumba.

Asubuhi moja nikatoka chumbani nikamkuta mama sebuleni. Amevaa viatu. Mkoba uko miguuni, kamba ya mbwa mkononi.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwanangu."

"Kwani Mama Ngazi amesema nini tena? Si alisema abaki?"

"Hajasema kitu. Hakuna mtu anayesema kitu humu ndani." Akaketi kwenye ncha ya kochi, kama mgeni. "Hukuwahi kuniuliza kwa nini nilikubali kuja. Kule kwangu, baada ya mzee, nilikuwa nafungua bomba la jikoni nisikie kitu kinaongea. Wewe ulikuwa ukinipigia simu, unaongea, unaongea, hadi simu inapata moto sikioni. Ukishakata nabaki nimeishika. Nikasema, mimi nitakwenda kukaa karibu na ule mdomo. Nilikuja kwa ajili ya mdomo wako. Sasa umeufunga. Kama ni kimya, mwanangu, ninacho changu, na kina ua."

Nilisimama pale nimeshika fremu ya mlango. Safari hii vitunguu havikuwepo, nikalia hivyohivyo, wazi, mbele yake. Nikawaza jinsi nilivyojibana ulimi ili nisimpoteze, kumbe nilikuwa namsukuma nje kwa mikono yangu miwili.

Halafu nikafuta uso kwa kanga.

"Mama, weka huo mkoba chini, na nisikilize vizuri, maana nina mambo ya wiki nzima humu na sijui nianze na lipi. Ile zipu! Zipu ilikuwa nzima, nakuapia, mimi naziweka zipu za chuma, zile anazozisema yeye sijawahi hata kuzigusa, yule mama ameongezeka yeye, kiuno chake nakijua mimi, nimekipima tangu kilipokuwa kiuno! Na yule dada yake wa jino, unajua ni nani? Ni yule aliyekuja hapa akataka nimshonee gauni la harusi ya mtu mwingine, jeupe, ati yeye apendeze kuliko bibi harusi, nikamwambia dada..."

Mheshimiwa akainuka mkekani, amechanganyikiwa, akaja katikati ya sebule. Sikukata hata neno. Nikanyoosha kidole chini, akakaa.

Mama mkwe akanyoosha mkono akashika ukuta. Akacheka hadi machozi, akaachia kamba ya mbwa, akainama kuvua kiatu kimoja, halafu cha pili, akavisukuma chini ya kochi.

"Ehe," akasema. "Ukamwambia nini?"